Shela ya Pale Kati

Jumapili, tarehe kumi na nne Disemba. Asubuhi ukungu ulikaa mpaka saa nne, halafu jua la kuchoma, na saa tisa mvua ya mawe iliyopiga mabati kwa muda mfupi ikaondoka kama mtu aliyekosea nyumba.

Kabla ya mvua nilikuwa nyuma ya nyumba nikivuta mmea wa kutambaa uliokuwa umepanda seng'enge. Shina lake ukilivunja linatoa maji meupe, membamba, na harufu yake ni ya boga bichi lililokatwa na kisu chenye kutu. Mke wa jirani, msichana mpole, alisimama upande wake akaniambia, "Mama, mbona unang'oa? Si maua mazuri haya? Nipe kipande nikapande kwangu." Nilisema tu angoje. Nikaupeleka wote juu ya bati la choo ukauke, kwa sababu huo si mmea wa kutupa chini. Nikaosha mikono, harufu ikabaki, ndipo nikakaa na daftari hili.

Sijui kama nitaandika sawasawa. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya zamani yana tabia ya kujipanga vizuri kuliko yalivyotokea. Nitaandika nilichokiona, na pale nilipoambiwa nitasema niliambiwa.

Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka mabonde yetu yalivyokuwa kabla ya mikalitusi. Kwetu palikuwa kwenye mteremko, upande wa Nyamira: migomba nyuma ya nyumba, majani chai machanga ya Baba mbele, na chini kabisa mto. Mto huo unatoka juu, pande za Nyansiongo, na ulipofika kwetu uligawanyika ukawa mikono miwili, halafu mikono hiyo ikakutana tena chini kidogo. Katikati ulibaki udongo mweusi, pengine wa kutosha kanisa na uwanja wake. Mwalimu alipotufundisha kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji, nilinyoosha mkono nikasema hata sisi tunacho, darasa likacheka. Nyumbani hatukukiita kisiwa. Tulisema tu Pale Kati.

Pale Kati palikuwa na sheria. Labda kwingine Gusii hawakuwa nayo, labda ilikuwa ya bonde letu tu. Jembe halikuingia pale, wala panga, wala ng'ombe. Mwanamke alichota maji ukingoni lakini hakuvuka. Kilichoota pale kiliachwa kiote, kilichoanguka kiliachwa kioze. Ndiyo maana vyura walikuwa wengi hata jioni ilibidi mtu apaze sauti akiwa mtoni, na korongo wenye taji walikuja kutaga, wawili wawili, wakirukaruka na mabawa wazi. Na ndiyo maana palikuwa na esuguta.

Esuguta ni nyasi ndefu, nyororo, ya mahali pa maji. Kijana akishatahiriwa na kuingizwa kibandani kukaa ndani mpaka apone, esuguta ilipandwa sakafuni karibu na moto, naye akailinda na kuinyunyizia maji. Ikisitawi mpaka siku ya kutoka, ni heri, atakuwa na nyumba na watoto. Ikikauka, basi. Watu hawakupenda kumalizia maneno hayo. Kila mwaka shule zikifungwa, wavulana wa msimu huo walivuka Pale Kati wakaing'oa kwa mikono, na hao tu ndio walioruhusiwa kung'oa kitu chochote pale.

Aliyesimamia sheria hiyo alikuwa Mzee Onchari. Shamba lake lilishuka hadi ukingoni, na kwa ukoo alihesabiwa baba wa baba yangu, kwa hiyo kwa Mama alikuwa baba mkwe. Nataka kumtendea haki. Watoto tulimwogopa kwa sababu alijua kunyamaza mpaka wewe mwenyewe useme ulichofanya. Lakini hakuwahi kukata hata unyasi mmoja Pale Kati kwa faida yake, na paa la nyumba yake lilivuja.

Ule mmea ulifika mwaka ambao Baba Mdogo Mogaka, ndugu wa Baba, alihamia Nyansiongo. Wazungu walikuwa wameacha mashamba yao, ardhi ikakatwa vipande, naye akapata kimoja. Kuunganisha mambo hayo mawili kulikuja baadaye. Wakati ule niliona tu, asubuhi moja tukichota maji na Mama, uzi wa kijani umenaswa na mizizi ya ukingo wa Pale Kati. Majani yake yalikuwa na umbo la moyo, na ulikuwa na ua moja la buluu, buluu ambayo sikuwa nimeiona kwenye kitu chenye uhai. Nilirudi saa sita nikalikuta limesinyaa kama kitambaa kilicholowa. Kesho yake yalifunguka mengine.

Wanawake waliyapenda.

"Pale Kati pameolewa," mmoja alisema. "Angalieni shela."

"Na bwana harusi ni nani?"

"Si Onchari. Nani mwingine anakaa hapo kutwa kucha?"

Walicheka mpaka maji yakamwagika mitungini, na jina likashika. Mmea ukawa shela. Mama naye alicheka. Nasema hivyo kwa sababu baadaye alishikilia kwamba hakucheka.

Mzee Onchari alipoulizwa, alijibu kwamba kilichokuja Pale Kati chenyewe kina haki ya kukaa. Ndivyo sheria ilivyokuwa. Sidhani alikuwa mjinga. Sheria hiyo ilikuwa imelinda mahali pale tangu enzi za babu yake, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuona mgeni wa namna ile.

Mwanzoni shela haikuwa na haraka. Halafu mvua ndefu zikaja, na kila tulipoteremka mtoni ilikuwa imesogea. Ilipanda juu ya matete, ikaruka kutoka tete hadi tete, ikajifunga. Chini yake nyasi zilianza kulala. Korongo walipokuja mwaka ule walitembea juu ya majani wakiinua miguu kama watu waliojikwaa kwenye kamba, wakazunguka, wakaondoka. Jioni, upande ule wa mto, ungeweza sasa kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Sikuelewa ni kitu gani kimepungua. Nilijua tu kwamba sikupenda tena kwenda kuchota maji peke yangu.

Msimu uliofuata ulikuwa wa kaka yangu, Nyakundi.

Nyakundi alikuwa mvulana pekee nyumbani kwetu. Alipewa jina la babu, baba wa Baba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Alijua kupiga mluzi kwa vidole viwili, na mimi aliniita Karani, kwa sababu niliuliza maswali kama wale watu wa kuhesabu majani chai. "Karani," aliniambia, "nikiwa ndani usinililie. Wewe niletee tu ugali mkubwa."

Mama alikuwa akitazama Pale Kati kwa jicho lingine. Jioni moja, akipepeta wimbi, alimwambia Baba kwamba ile shela ing'olewe kabla shule hazijafungwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Sabato na alikuwa na kitabu mkononi.

"Ni nyasi tu hiyo," alisema. "Mtoto atapona kwa dawa na maombi."

"Yako ilisitawi?"

"Ilisitawi."

"Basi ndiyo maana unaongea hivyo."

Baba alirudi kwenye kitabu chake. Nami nilimwona, siku mbili tatu baadaye, amesimama ukingoni mwa mto peke yake na kofia mkononi, kwa hiyo sitaki mtu aseme hakujali.

"Ikikauka," Mama aliendelea polepole, ungo ukiwa umetulia mapajani, "jina la baba yako limeishia hapa."

Mimi nilisikia hivyo. Jina la baba yake Baba lilikuwa Nyakundi, na Nyakundi mwingine hatukuwa naye. Kwa hiyo nilielewa kwamba nyasi zikikauka, kaka yangu atakufa, siku hiyo hiyo, pale karibu na moto. Hakuna aliyenieleza kwamba walikuwa wakizungumza juu ya watoto ambao hawajazaliwa. Na sikuuliza. Nilikuwa wa kuuliza kila kitu isipokuwa kile kilichonitisha.

Mama alikwenda kwa mke wa Mzee Onchari aombe ruhusa kupitia kwake, kwa kuwa mwenyewe hangeweza kusimama mbele ya baba mkwe na kujadiliana. Jibu lilirudi lile lile. Kilichokuja chenyewe kina haki ya kukaa.

Shule zilifungwa. Wavulana wa msimu wakavuka Pale Kati wakiimba, na waliporudi wimbo ulikuwa umepungua. Kila mmoja alishika nyasi chache, shina jeupe kama vidole vilivyokaa sana majini, na zote zimesokotwa na nyuzi za shela. Wengine walicheka. Nyakundi hakucheka. Alizishika zake kwa mikono miwili, akinipita bila kuniita Karani.

Kibanda chake kilikuwa chini ya migomba. Kwa sheria za kukaa ndani, Mama na Baba hawakuruhusiwa kumwona mpaka atoke. Aliyemhudumia aliitwa omosegi, yaani kijana aliyepita njia hiyo mapema, na omosegi wake alikuwa Ombati, mjukuu wa Mzee Onchari, kijana mrefu mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Mimi nilipeleka kikapu cha ugali, nikakiweka mlangoni, nikasimama mbali. Ombati alikichukua, na baadaye alikirudisha.

Mama alijificha nyuma ya mgomba akauliza kutoka hapo.

"Ombati, mtoto anakula?"

"Anakula kuliko mimi."

"Na ile?"

"Iko kijani, Mama."

Nilipokuwa narudi nyumbani nilifunua kikapu nikatazama mabaki. Nyakundi alikuwa na desturi ya kubonyeza tonge kwa kidole gumba, na alama ile ilibaki kwenye ugali uliosalia. Nikiiona, nilijua leo yupo. Siku ambayo kikapu kilirudi kitupu kabisa sikupata usingizi, kwa sababu tupu yaweza kuwa amekula yote, na yaweza kuwa Ombati amekula peke yake.

Katikati ya siku hizo Baba Mdogo Mogaka alikuja kutoka Nyansiongo na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake wa gredi. Alikuwa amevaa kofia mpya, amefurahi, akitueleza habari za mahindi yake. Baba alimshusha mtoni anawe miguu, nikabeba sabuni. Mzee Onchari alikuwa pale ukingoni kama kawaida. Wakasalimiana vizuri. Baba Mdogo aliingiza mguu mmoja majini, akainua macho, na mguu wa pili ukabaki juu ya jiwe.

"Hii naijua," alisema.

"Unaijua wapi?" Mzee Onchari aliuliza.

"Ilikuwa kwangu. Kwenye tangi la maji la yule Mzungu. Ilikuwa imefunika tangi lote, mimi nikaikata na panga."

"Ukaiweka wapi?"

Baba Mdogo alitazama kule mto unakotokea. "Si takataka tu, Mzee. Takataka mtu anatupa mtoni."

Mzee Onchari akanyamaza. Baba Mdogo ndiye aliyeendelea kusema: kwamba hakujua, kwamba mtu yeyote angefanya hivyo hivyo, kwamba ukiiacha chini inaota tena, ndiyo maana aliona heri maji yaipeleke.

"Yameipeleka," Mzee Onchari alisema.

Baba alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa na sabuni mkononi na hakuna aliyeiomba. Asubuhi yake Baba Mdogo aliondoka kabla ya chai, akisema ng'ombe hawezi kungoja kukamuliwa. Simlaumu. Angeweza kunyamaza tu pale mtoni, na hakuna ambaye angejua mpaka leo.

Nilingoja kuona Mzee Onchari atasema nini sasa. Aliendelea kukaa ukingoni, lakini niliona amegeuza kigoda chake, hatazami tena Pale Kati, anatazama migomba yetu.

Halafu ikaja siku ya jani. Mama aliuliza maswali yake nyuma ya mgomba, na Ombati akajibu kama kawaida, na kwa kuwa alikuwa kijana mwema akaongeza cha kumfurahisha.

"Zile ndefu zimelala kidogo, Mama. Lakini usihofu, hapo hapo kuna inayochipua kwa nguvu. Imetoa hata jani pana."

"Pana namna gani?"

Ombati alinyoosha kiganja, akakunja vidole kidogo kikawa na umbo la moyo.

Mama alishika mgomba. Ombati hakuwa amedanganya hata siku moja. Palikuwa na kitu cha kijani karibu na moto, na Nyakundi alikuwa akikinyunyizia maji asubuhi na jioni akishukuru.

Mama hakumwambia Baba. Au labda alimwambia na mimi sikusikia. Lazima niliache hilo wazi.

Sabato ikafika. Baba alitangulia kanisani, Mama akasema atafuata. Bonde lilikuwa tupu, sauti ya nyimbo ikija kutoka mlimani kwa vipande. Mama alinishika mkono tukateremka. Hakubeba jembe wala panga. Alibeba jani la mgomba lililokunjwa. Mtoni alivua viatu vya kanisani, akachomeka gauni magotini, akavuka. Nilimfuata nikishika mkanda wake, maji baridi yakinisukuma, nikijua kwamba mwanamke hajawahi kuvuka pale na kwamba mimi pia nahesabiwa.

Alianza kuvuta. Ilitoka kama blanketi, mikono yote miwili, akaitupa nyuma ukingoni, akavuta tena. Nyingine iliangukia majini ikaondoka. Harufu ikajaa, ile ya boga bichi. Chini yake kulikuwa na joto na giza, na minyoo, na kiota cha korongo cha zamani chenye yai moja ndani, baridi, lenye ukungu. Mama alilisogeza kando taratibu kana kwamba lina mtu.

"Mama Nyakundi."

Mzee Onchari alikuwa amesimama ng'ambo, mahali pake. Mama hakumtazama usoni, mkwe hamtazami. Alijibu akitazama maji.

"Ndiyo, Baba."

"Rudi."

"Nitarudi nikimaliza."

"Hapo hakuna mtu anang'oa kitu."

"Kilichokuja chenyewe, Baba. Ndivyo mlivyosema. Hiki hakikuja chenyewe. Mogaka alikikata na panga yake akakitupa, na alisema mbele yako. Kama kimeletwa na mkono wa mtu, mkono wa mtu utakiondoa."

Mzee alifikiri. Niliona kwamba alifikiri kweli, hakuwa anatafuta tu jibu.

"Mkono wa mwanamume," alisema.

"Basi niletee mwanamume. Mmoja yuko kanisani, mwingine yuko Nyansiongo anakamua, na wangu yuko ndani, ananyunyizia hii shela maji akidhani ni uzima wake."

"Nitakuita mbele ya wazee. Nitasema nilikuona kwa macho yangu."

Mama alisimama wima. Alikuwa na matope hadi viwikoni. Akatazama mbele, kwenye mkono wa pili wa mto, palipokuwa na matete machache ambayo shela haikuwa imeyafikia. Halafu akashika gauni lake lililokuwa limechomekwa magotini, akalipandisha juu, juu kabisa mapajani, akalifunga kwa mkanda, akaingia majini.

Ninyi mnaojua heshima zetu sina haja ya kuwaeleza. Baba mkwe hawezi kuona paja la mke wa mwanawe. Akiona, ni jambo zito, kuna mbuzi na kuna wazee na kuna aibu kwa pande zote mbili. Mzee Onchari aligeuka haraka mpaka fimbo yake ikaanguka. Akasimama ametugeuzia mgongo wake mpana, uso kwenye shamba lake, na fimbo chini hakuiokota.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka yangu yote. Pale maji yalikuwa na kina, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba tulikuwa tumeshapita penye kina zaidi na gauni lilibaki magotini. Sikuwahi kumuuliza Mama, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Lakini Mzee angeweza kuondoka. Hilo pia liandikwe. Hakuondoka. Kijana mmoja Mkatoliki alishuka na ng'ombe wake wawili kuwanywesha, nikawasikia kabla sijawaona. Mzee Onchari, bila kugeuka, alimwambia leo maji hapa ni machafu, akanyweshe juu kule darajani. Kijana akasema sawa, babu, akapandisha ng'ombe. Mzee akaendelea kusimama vile vile mpaka tulipomaliza.

Kwenye yale matete Mama alipata esuguta ya kijani, kishungi kimoja, si zaidi ya kujaza kiganja. Aliichimba kwa vidole na udongo wake, akaifunga kwenye jani la mgomba, akanipa. Tulipovuka kurudi alishusha gauni, akavaa viatu juu ya miguu yenye matope, akasema kwa mgongo wa Mzee, "Nimemaliza, Baba." Mzee akaitikia kwa koo tu.

Nilipeleka kikapu mchana huo, jani la mgomba likiwa chini na ugali juu. Ombati alikiinua, akahisi uzito, akachungulia.

"Babu anajua?"

"Alikuwa amegeuka."

Ombati alifikiri kidogo. "Kama aligeuka, sawa," alisema, akaingia.

Nilibaki nimesimama. Kutoka ndani ilikuja sauti, imekauka na moshi, lakini ya kwake: "Karani. Mbona ugali wa leo una matope?" Nikakaa chini palepale kwenye majani ya migomba. Tangu aingie ndani, alama ya kidole gumba ndiyo pekee niliyokuwa nimepata kutoka kwake.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Nyasi zilizohamishwa huchukua siku zake kuamua. Mama alipika akatugawia, yeye akasema atakula baadaye. Kila jioni alikwenda nyuma ya mgomba, na Ombati, ambaye sasa alikuwa mwangalifu na maneno yake, alisema, "Bado, Mama. Haijalala, haijasimama."

Niandike hapa yaliyofuata miaka ya baadaye, nisije nikasahau. Wazee hawakuitwa kamwe. Mwaka uliofuata Mzee Onchari mwenyewe alifungua Pale Kati, vijana wakaingia na panga na majembe, wakakata shela wakaitupa kila upande, na kila kipande kilichogusa udongo kikaota. Majembe yalilegeza ule udongo mweusi, na mafuriko yakaubeba. Kisha watu wakapanda mikalitusi. Leo mto pale una mkono mmoja, na ukimwambia mtoto palikuwa na kisiwa anakutazama vile darasa langu lilivyonitazama. Wavulana walianza kutafuta esuguta mbali. Na ile aliyoitupa Mama Sabato ile, iliyoondoka na maji, niliiona mwenyewe imechanua chini kwenye daraja, na wanawake wa huko wakiisifu. Baba Mdogo alitupa mtoni, Mama alitupa mtoni. Nikimhukumu mmoja lazima nimhukumu na mwingine, na Mama siwezi, kwa hiyo nimewaacha wote wawili. Kaka yangu amepata watoto na wajukuu. Hilo halithibitishi kitu. Nawajua ambao esuguta yao ilikauka na nyumba zao zimejaa.

Lakini hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba jioni moja, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, Ombati hakungoja nilete kikapu. Alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, akainama kwa sababu ya urefu wake. Mama alikuwa amepiga magoti mekoni, mgongo kwake.

"Imesimama, Mama," alisema. "Ile yenyewe. Ina jani jipya."

"Pana?"

"Jembamba. Kama sindano."

Mama hakugeuka. Alisonga ugali mara chache zaidi, ingawa ulikuwa umeshaiva, halafu akaniambia nikamate yule kuku mwekundu kabla hajapanda kulala. Baba, aliyekuwa na desturi ya kuletewa chakula sebuleni, alileta kigoda chake jikoni akakaa karibu na mlango, akamwambia Ombati asimame kidogo asubiri sehemu ya kibandani.

Tulikula ugali wa wimbi, chinsaga, yaani mboga ya mgagani, iliyolazwa kwenye maziwa, na yule kuku. Paja lilikwenda kwa Nyakundi na jingine kwa Ombati, Baba akala firigisi, mimi nikapewa bawa. Mama alichukua mgongo, akamega tonge kubwa, akala polepole, akafyonza mfupa mmoja mmoja mpaka ukawa mweupe.